Punda wa Kijani na Punda Mwekundu

Kijana anayeanza useremala akija kunisalimia siku hizi, akishakaa na kunywa maji, huniuliza swali lake kabla hata hajaniuliza hali ya magoti yangu: "Bibi Tabita, ninunue benchi la duka gani?" Nami namjibu palepale, nisimchoshe. Nunua lolote utakaloruhusiwa kulikunjua dukani, ukalipanda kwa miguu yako yote miwili, ukazungusha vishikio vyake mpaka mwisho na kurudi. Muuzaji akikataa, muage vizuri uondoke.

Basi, jibu mmelipata. Anayetaka kwenda aende. Anayetaka kujua nililipataje, avute kigoda.

Mimi nilizaliwa Ruanda, kule Mbozi, kwenye kahawa. Nililetwa Tunduma nikiwa msichana kumsaidia mama mdogo alipojifungua mapacha. Mume wake, baba mdogo Siwale, alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa uani. Mapacha wakilala, mimi huyo, kuchungulia. Sikuvutiwa na mbao hasa. Nilivutiwa na vitu vinavyofungwa na kufunguliwa. Siku moja alinikuta nimekaa chini na kitasa kipya cha mteja, nimekifungua chote, vipande nimevipanga kwenye kanga kama dagaa juani.

Sikupigwa. Aliniambia tu, "Sasa kirudishe."

Nikakirudisha, na kikafungika. Lakini mkononi kilinibakia kipande kimoja kidogo kama punje ya mtama. Baba mdogo akakichukua, akakiangalia, akasema, "Hiki ndicho kitakachomlaza mwenye nyumba nje." Tukakifungua upya, tukakirudisha pamoja. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa karakana, na mama mdogo akatafuta msichana mwingine wa kubeba mapacha.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alinifunga macho kwa kanga, akanipa mbao mbili nimwambie ipi mbichi. Ukigonga ubao mkavu unaitika. Mbichi ukigonga unanyamaza. Ukiunusa, mbichi una harufu ya uchachu. Halafu alinipa skurubu na nati, macho yangu yakiwa bado yamefungwa, akaniambia nizungushe. "Umesikia nini?" Nikisema imekaza, anauliza imekaza kwa kutu au kwa kukaa vizuri. Nikisema inacheza, anainyang'anya na kuitupa kwenye kopo. "Kinachocheza hakijakaa, Tabita. Na kisichokaa kitaondoka. Hujui tu kitaondoka lini."

Na hili la sabuni nalo nimelitoa kwake: ukiingiza skurubu kwenye mkongo au mninga, ipake sabuni ya kipande kwanza. Ninyi mnatoboa kwa mashine mnadhani mmemaliza, halafu skurubu inakatika kichwa mnalaumu kiwanda.

Benchi la baba mdogo lilikuwa gogo zima la mninga, miguu imechimbiwa ardhini. Halikwenda popote, na hata sisi hatukwenda popote. Mteja alikuja na vipimo vyake vya kamba yenye mafundo, akasubiri. Skurubu zilikuwa shida. Nyingine zilivuka kutoka Nakonde kwenye mifuko ya watu. Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuagiza na kuuza. Maduka ya vifaa yakaota barabara nzima kama uyoga wa masika, bawaba za kila aina, vitasa vyenye funguo tatu, na watu wakaanza kujenga. Waliojenga hawakutaka tena kusubiri nyumbani kwa fundi. Walimtaka fundi aje kwao. Mwenye kahawa anajenga Mbozi, mwenye bahati ya dhahabu anajenga Saza au Mkwajuni, na wewe unapanda fuso na randa yako kwenye gunia.

Lakini gogo la mninga huwezi kulipandisha fuso. Kwa hiyo tulifanya kazi chini. Mlango unaulaza kwenye tofali, unaukalia, unapiga randa ukiwa umejikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Magoti haya mnayoyaona hayakuharibiwa na uzee. Yaliharibiwa na milango ya watu.

Ndipo punda wakaja.

Wa kwanza kuwaleta alikuwa Alhaji Shemdoe, mtu wa Lushoto aliyehamia Tunduma na kufungua duka la vifaa aliloliita Barka. Mzee mpole, hakuuzii msumari kabla hajakuuliza za nyumbani. Nilimkuta asubuhi amesimama mbele ya duka, amelikunjua benchi la chuma lililopakwa rangi ya kijani, na watu wamelizunguka. Kwa asiyelijua: lina miguu minne ya bomba inayokunjwa, unaweza kulifanya fupi au refu. Juu lina mbao mbili zilizolala sambamba. Ubao mmoja umetulia. Mwingine unasogea ukizungusha vishikio viwili vya pembeni, basi zile mbao zinabana kitu katikati kama taya. Ni jiliwa, ile ambayo wengine mnaiita vaisi, na ni meza, na ukimaliza unakunja unabeba begani. Ubavuni liliandikwa BARKA kwa herufi nyeupe.

"Mwanangu Tabita," Alhaji akaniambia, "karibu. Hili nimeliagiza mwenyewe kwa jina langu. Hulipati kwingine."

Nililinunua siku hiyohiyo. Mafundi wakaliita punda, kwa sababu linabeba na halilalamiki.

Masika yakapita. Yalipokwisha, duka la ng'ambo ya barabara likatoa punda wake. Hilo lilikuwa duka la Neema, la Mama Sanga, Mkinga wa Makete, mwanamke aliyeanza kwa kuuza misumari kwa kikombe sokoni na sasa ana ghorofa. Wake alikuwa mwekundu, ubavuni NEEMA. Mama Sanga hakuuliza za nyumbani. Alisema, "Hili ndilo benchi. Lile la ng'ambo ni kitanda cha kuanikia mihogo."

Kuna Mzambia mmoja alisimama mbele ya benchi jekundu, akalitikisa, akasema kwa sauti, "Bamayo, chakosa!" Wateja wawili waliokuwa wakitaka kulinunua wakarudi nyuma, wakidhani amesema lina kosa. Mama Sanga akatoka mbio: "Hapana! Kwao Wabemba kukosa ni kuwa imara! Waambie, baba, waeleze!" Yule bwana akacheka mpaka akashika ukuta. Jina likabaki. Mpaka leo ukimwona fundi wa zamani wa Tunduma anasifia kitu, atakuambia chakosa.

Mwenzangu Yohana Simbeye alinunua mwekundu. Yohana alikuwa Mnamwanga wa hapahapa, karakana yake ilipakana na yangu, ile niliyoachiwa na baba mdogo. Fundi msafi kuliko wote niliowajua: akikuchongea tundu la kitasa, kitasa kinaingia kwa kidole kimoja na hakitoki. Aliniita dada. Tulibishana kila siku kijani na nyekundu, kama watu wa timu mbili za mpira, na kila mmoja wetu aliamini maneno ya mwenye duka lake.

Sasa niwaambie kosa langu la kwanza na punda, lile la kuchekesha. Kwenye ule ubao wa mbele walichapa rula ya sentimita. Nikaona, ah, mambo si ndiyo haya, tepu ya nini tena? Nikapima fremu za madirisha manne ya mzee mmoja kwetu Ruanda kwa rula ile. Tulipokwenda kuzitia, kila fremu ilipungua sentimita moja. Ukiisukuma inaingia, ukiiacha inatoka. Mzee akakaa kwenye tofali, akawaita wanawe. "Njooni muone dirisha linalocheza ngoma."

Nilirudi nikiwa nimechanganyikiwa. Mbao zilikuwa kavu, msumeno wangu mzuri. Nikaitazama rula ile tarakimu kwa tarakimu. Ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na tisa. Ishirini na nane haikuwepo. Mchapaji aliiruka.

Nikamwita Yohana aje acheke. Alicheka, kisha akaenda kwake, akarudi na punda wake mwekundu. Akamkunjua. Akaweka kidole.

Ishirini na saba. Ishirini na tisa.

Tulitazamana. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna mteja angekuja. Tukatandika turubai, tukawafungua punda wote wawili mpaka nati ya mwisho. Miguu ilikuwa sawa. Matundu yalikuwa sawa, hata lile tundu moja kwenye bomba la nyuma ambalo halikuwa na kazi yoyote. Chini ya kishikio, kwenye chuma, palikuwa na alama ya nyota yenye ncha moja iliyokatika, na kwa mwingine vilevile, ncha ileile. Tukavua miguu ya kijani tukaitia kwenye nyekundu. Ikakaa.

"Dada," Yohana akasema, "tumekuwa tukigombana kwa ajili ya rangi."

Ninapenda kukumbuka mchana ule. Sijui kama ninyi mnaijua raha hiyo, ya kufungua kitu na kukuta siri ndani yake. Nilitembea barabara nzima nikitangaza. Punda ni punda, watengenezaji ni wamoja, msidanganyike. Watu walicheka. Alhaji aliniita, akanipa chai ya tangawizi, akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamweleza ile namba iliyorukwa. Akatikisa kichwa. "Wakala wa Kariakoo aliniapia kwamba mimi ni peke yangu mkoa mzima wa Mbeya." Wakati huo Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa. Mama Sanga yeye aliniambia nichunge mdomo wangu.

Basi nikapata kazi ya pili. Punda akiharibika, analetwa kwa Tabita. Nilikuwa na mizoga ya kijani na nyekundu nyuma ya karakana, navuna huku natia kule: mguu, ubao, kishikio. Na ile skurubu ndefu inayosogeza taya nilikuwa naihamisha pamoja na nati yake, vyote viwili, kwa sababu ndivyo vilivyotoka. Sikufanya hivyo kwa akili. Ilikuwa bahati tu, na bahati ina siku yake ya kuisha.

Siku hiyo ilikuja Yohana alipopata kazi kubwa Mkwajuni: nyumba ya mtu wa machimbo, milango ya mkongo, mizito, kila chumba na kitasa cha kuchimbia. Nati ya punda wake ilikuwa imepasuka. Fuso lilikuwa linapakia, dereva anapiga honi. Yohana akasimama mlangoni na gunia lake la vifaa.

"Dada, nisaidie haraka, ataniacha."

Kwenye kopo nilikuwa na nati moja ya kijani, nzima kabisa. Nikaitia kwenye skurubu yake nyekundu. Ikaingia vizuri. Ikaingia vizuri mno. Nilipoizungusha haikuwa na ule ubishi mdogo ambao nati na skurubu yake huwa nao. Nikaishika kwa vidole viwili nikaitikisa, nikasikia kitu. Kidogo sana. Ilikuwa inacheza.

Dereva akapiga honi tena.

Nikachota grisi, nikaipaka. Grisi inajaza nafasi. Nikatikisa tena, kimya. "Haya, nenda," nikamwambia. "Punda ni punda."

Sikumfikiria tena mpaka wiki ya pili, mkewe Yohana, mama Eliya, aliposimama karakana kwangu na lile benchi jekundu limefungwa kwa kanga mgongoni kama mtoto. Nilijua kuna jambo kabla hajasema. Yohana alikuwa ameusimamisha mlango kwenye taya, anachimba tundu la kitasa kwa patasi. Taya zikaachia. Mlango ulipoanguka akaudaka kwa mkono wa kushoto, kama ambavyo mimi na wewe tungeudaka, na patasi ilikuwa bado kwenye mkono wa kulia. Ikaingia chini ya gumba la kushoto. Walimshona. Jeraha litapona, walimwambia, lakini mshipa umekatika. Gumba halitakunjika tena.

"Amesema nikuletee," mama Eliya akaniambia, akilitua benchi. "Amesema, mpe dada Tabita alifungue, yeye ndiye atajua ni nini."

Alipoondoka nililifungua. Sikuhitaji muda. Grisi yangu ilikuwepo, imechanganyika na vumbi la chuma linalong'aa. Meno ya nati yalikuwa yamefutika, laini kama pete.

Sasa hapa vijana nawaambia jambo ambalo sikuwahi kujisifia. Nilikaa kimya siku mbili. Nililifunika benchi kwa gunia. Na siku hizo mbili barabara nzima ilikuwa inasema punda mwekundu anakata watu vidole. Mafundi walirudisha mabenchi mekundu dukani kwa Mama Sanga, wakayatupa mlangoni moja juu ya jingine. Muuzaji wa Alhaji akapanda juu ya ndoo akaanza kuita, "Njooni kwenye kijani! Kijani haumi!" Mama Sanga alisimama mlangoni kwake na mikono kiunoni. Mimi nilipita upande wa pili wa barabara na kapu langu la mboga.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa Yohana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ukutani, mkono umefungwa na kuinuliwa kwenye mto. Akatabasamu aliponiona. Hilo tabasamu sitalisahau.

"Karibu dada. Umelifungua?"

"Nimelifungua."

"Ni nini?"

"Ni nati. Ile niliyokutilia mimi."

Akafikiri. "Si ilikuwa nzima? Niliiona."

"Ilikuwa nzima. Lakini ni ya kijani. Haikuwa saizi yake."

"Basi hukujua," akasema. "Sisi wote tulisema ni sawa. Hata mimi nilisema."

Angeniacha hapo. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, ameufungua mwenyewe, na mimi nilikuwa tayari nimeinuka kidogo kwenye mkeka. Kisha nikakaa.

"Sikujua kwa macho," nikasema. "Lakini nilihisi inacheza."

Mama Eliya alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama.

"Ulihisi," Yohana akasema. "Halafu ukafanyaje?"

"Nikapaka grisi."

Aliutazama mkono wake. Hakupandisha sauti. "Nenda, dada," akasema. "Nenda tu."

Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Sanga. Watu walikuwepo tele, wenye kununua na wenye kutazama. Nikasimama kando ya yale mabenchi mekundu yaliyotupwa, nikainua nati iliyofutika, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Benchi lililomkata Yohana halikuwa na kosa. Kosa nililitia mimi. Hii nati ni ya kijani, nilimtilia mimi kwa mkono wangu, na nilihisi inacheza nikanyamaza."

Mtu akasema, "Si wewe uliyesema punda ni punda?"

"Ni mimi."

Mama Sanga alinitazama kuanzia kichwa mpaka viatu. "Ungesema juzi, fundi," akasema, akaingia ndani.

Na hapo nikamwona Alhaji Shemdoe anavuka barabara. Katika miaka yote ya maduka yale mawili hakuwahi kuvuka. Alimpitia muuzaji wake, akamwambia ashuke kwenye ndoo, akaja akaniomba ile nati. Akaishika juani. "Lakini mwanangu," akasema, na nilisikia kwenye sauti yake ugonjwa uleule nilionao mimi, "kama aliyetengeneza ni mmoja, kwa nini hazilingani?"

Hilo swali lilikuwa halijaniruhusu kulala. Tukaomba skurubu nyekundu kwa Mama Sanga. Akaileta mwenyewe, maana na yeye alitaka kujua. Alhaji akaleta ya kijani. Nikazilaza pamoja, jino kwenye jino, nikaziinua kwenye mwanga. Jifunzeni hii: skurubu ndugu zikilazwa hivyo zinafumbana kama meno ya mtu aliyenuna, mwanga haupiti. Zile zilianza vizuri, na kadiri unavyokwenda mbele zikaachana, mpaka mwanga ukapita kati yake mwembamba kama uzi. Na ile ya kijani ilikuwa nene zaidi, unene wa karatasi.

Alhaji akatoa simu yake, akampigia wakala wa Kariakoo, akaiweka sauti ya juu. Mama Sanga akainamia simu, akasalimia. Nadhani yule bwana hakuwahi kutegemea kuwasikia wateja wale wawili kwenye simu moja. Kisha akaeleza, bila hata aibu. Mzigo wa kijani ulitoka kiwanda kimoja. Alipotaka mwingine, kiwanda kile kilichelewa, kwa hiyo akachukua benchi moja la kijani akalipeleka kiwanda kingine kama sampuli. Akawaambia watengeneze kama lile.

Nikauliza mimi, "Na ile rula?"

"Rula gani?"

"Ishirini na nane haipo. Kwenye yote mawili."

Akacheka. "Mama, wale hawasomi rula. Wanakopi wanachokiona."

Nilikaa chini kwenye benchi mojawapo. Waliiga kila kitu. Waliiga nyota na ncha yake iliyokatika. Waliiga tundu lisilo na kazi. Waliiga mpaka kosa. Na kosa ndilo lililonifanya niape kwamba ni ndugu, ilhali kosa ndilo kitu cha kwanza ambacho mwigaji anachukua, kwa sababu hajui kuwa ni kosa. Kilichowashinda kuiga ni kile kisichoonekana, meno ya ndani ya nati. Na hicho vidole vyangu vilinieleza, nami nikavinyamazisha.

Alhaji na Mama Sanga hawakuwa marafiki kwa ajili ya hilo, msije mkadhani. Ila nati za kijani ziliwekwa kopo lake na nyekundu kopo lake, katika maduka yote mawili, na mteja wa duka hili akikosa, alielekezwa la pili. Mabenchi nayo yaliruhusiwa kujaribiwa mlangoni.

Kwangu punda hawakuletwa tena. Sikumlaumu mtu. Nilirudi kwenye milango na makabati. Nilimpelekea mama Eliya unga na maharage. Sufuria ilirudi imeoshwa, bila salamu. Nikapeleka tena. Ikarudi vilevile. Yohana nilikuwa namsikia karakana ya jirani, maana ukuta wetu ulikuwa wa mabanzi. Nilisikia nyundo inapiga, kisha msumari unaanguka sakafuni. Inapiga, unaanguka. Seremala hujui thamani ya gumba la kushoto mpaka uhitaji kusimamisha msumari.

Kahawa ilikuwa imeshavunwa, na Mbozi watu walikuwa wanajenga, siku aliponitokea mlangoni. Alikuwa amebeba kwapani mbao mbili za fremu. Hakunisalimia. Akaziweka kwenye benchi langu, akaziunganisha pembe, akachukua skwea akapima, akarekebisha kwa kiganja. Nilisimama na msasa mkononi.

Akachukua nyundo kwa mkono wa kulia. Akatoa msumari mfukoni, akaunyosha upande wangu.

"Nishikie," akasema.

Niliuona uso wake. Haukuwa wa kusamehe wala wa kutosamehe. Ulikuwa uso wa fundi mwenye kazi. Nikaweka msasa chini, nikaushika msumari kwa vidole viwili, nikausimamisha palipochorwa alama, gumba langu likiwa palepale chini ya kichwa cha msumari.

"Unacheza?" akauliza.

Nikaubana zaidi. "Hauchezi."

Akainua nyundo.